Maji katika Buti la Motakaa

Nyumba ikivuja, mwenyewe hutazama paa. Lakini maji yaingiayo katika motakaa hayaonyeshi njia yake upesi, na mtu asiye na saburi aweza kuziba mahali kumi, asilipate tundu lenyewe. Someni habari hii, mjue jinsi maji yanavyofuatwa mpaka mlangoni pake.

Huko Tanga alikuwako mwalimu mmoja mwenye motakaa iliyotoka Ujapani, nayo ilikuwa imekwisha kutumika huko, kama zilivyo nyingi katika nchi yetu. Juu ya kifuniko cha buti palikuwa na spoila, yaani kile kipande cha plastiki kilicho kama bawa. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya upepo uinuao nyuma ya motakaa iendapo mbio, ingawa kwa motakaa nyingi ni pambo tu.

Masika yalipoanza, mwalimu alisikia harufu ya uvundo. Akafunua zulia la buti, akaona maji. Akayafuta kwa tambara, akatandika gunia, akasema, "Mvua itakwisha." Akafanya vivyo hivyo kila siku kwa muda wa miezi miwili.

Usiku mmoja alikuwa akimpeleka mkewe hospitali, naye yu katika uchungu wa kuzaa. Njiani gurudumu likapasuka. Mwalimu akafungua buti ili atoe gurudumu la akiba, akaona limekaa katika maji, na parafujo iliyolishikilia imeliwa na kutu, haifunguki. Akaishika jeki, nayo imeshika kutu, haizunguki. Wakakaa gizani, mvua inanyesha, hata likapita lori, na dereva wake akawahurumia akawachukua. Mtoto alizaliwa salama, lakini mwalimu hakusahau usiku ule. Motakaa ilipotengenezwa gurudumu, akaipeleka moja kwa moja kwa fundi.

Fundi yule alikuwa na mwanagenzi. Kijana alipoona maji yamekusanyika pembe ya kushoto, akatwaa gundi apake pale pale. Fundi akamzuia, akasema, "Ngoja, mwanangu. Palipolowa sipo palipotoboka. Maji hushikamana na bati, hutambaa chini yake, hufuata waya, hata yakadondoka mbali na mahali yalipoingia."

Kijana akauliza, "Basi tutajuaje, Fundi?"

"Kwanza tukaushe, kisha tutafute, na mwisho ndipo tuzibe."

Wakatoa zulia, vyombo na gurudumu, wakakausha kila pembe. Kisha fundi akaujaribu mpira uzungukao mdomo wa buti. Akaweka kipande cha karatasi juu ya mpira, akafunga kifuniko, akaivuta ile karatasi. Ilikazana. Akafanya hivyo pande zote, maana pale karatasi inapotoka bila kukazana, mpira umelegea au umenyauka. Mpira wa motakaa ile ulikuwa mzima.

Ndipo wakapaka unga wa chaki kwa ndani, penye mishono ya bati, nyuma ya taa, na chini ya zile bolti za spoila. Tone moja likipita juu ya unga, huacha mstari. Fundi akalaza viti vya nyuma, akaacha milango wazi, akajiingiza kwa njia hiyo na tochi mkononi. Nanyi watoto, msijifungie katika buti kamwe, hata kwa mchezo. Joto huzidi upesi humo na hewa haitoshi, na wako watoto waliokufa kwa sababu hiyo.

Mwanagenzi akamwagia maji polepole, akianzia chini. Akamwagia taa za nyuma, akangoja, pakavu. Akamwagia ukingo wa kifuniko, akangoja, pakavu. Akamwagia kando ya kioo, pakavu. Angalianza juu, maji yangaliteremka na kulowesha kila mahali, wala wasingalijua lililoingiza ni lipi. Mwisho akamwagia spoila. Mara fundi akaita, "Hili hapa!" Tone lilikuwa likining'inia kwenye ncha ya bolti ya kulia. Likateremka ndani ya kifuniko, likafuata waya wa taa ya breki, likadondoka pembe ya kushoto.

Wakafungua bolti kwa ndani, wakachomoa waya, wakaiinua spoila taratibu. Chini ya kila bolti palikuwa na kipande cha sponji cha kuzuia maji. Kwa jua na miaka mingi sponji zile zilikuwa zimebonyea na kupasuka, na midomo ya matundu imeanza kutu. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa, na kikiachwa hula mpaka bati likatoboka.

Mwanagenzi akaleta gundi ya silikoni yenye harufu kali kama ya siki. Fundi akaikataa. "Hiyo hutoa asidi inapokauka, nayo huzidisha kutu kwenye chuma kitupu." Wakasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, wakangoja ikauke kabisa. Kila bolti wakaizungushia utepe wa butili, unaonata kama lami, na tundu la waya wakalitia kizibo kipya cha mpira. Wakakaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, maana ikikazwa moja kwa nguvu, plastiki hupasuka na bati hubonyea.

Mwanagenzi akasema, "Tungaliondoa vizibo vilivyo chini ya shimo la gurudumu, maji yangejitokea yenyewe."

Fundi akacheka. "Huko ni kumwacha mwizi aingie, kisha kumfungulia mlango wa nyuma. Vumbi na maji ya barabarani yangepanda kwa njia hiyo hiyo."

Wakamwagia maji tena kwa muda wa robo saa. Unga wa chaki ukabaki mkavu. Mwalimu akanunua jeki mpya, akalipa ujira wake, akasema, "Tundu dogo kama punje ya mtama lilitaka kunipotezea mke na mtoto." Fundi akamjibu, "Si tundu, Mwalimu; ni lile gunia ulilotandika juu yake."

Ndivyo ilivyo, watoto. Afunikaye kosa hulilea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, yakupasa kuujua ufa wenyewe.

Maswali

1. Kwa nini fundi alimzuia mwanagenzi asipake gundi penye maji?
2. Unga wa chaki ulisaidia nini?
3. Kwa nini walianza kumwagia maji chini, wasianze juu?
4. Eleza jinsi kutu inavyozaliwa.
5. Fundi alikuwa na maana gani aliposema habari za gunia?