Matibabu Bora si Wingi wa Dawa



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda tujifunze pamoja juu ya jambo linalozungumzwa sana majumbani lakini huulizwa mara chache hospitalini. Je, matibabu tuliyopata yalikuwa mazuri? Na fedha tuliyotoa ilikwenda mahali pake?

Sisi wauguzi husikia maneno mengi pale dirisha la dawa. Mmoja hunung'unika, "Mganga yule hafai, amenipa Panadol tu." Mwingine hutoka akifurahi, "Leo nimetibiwa kweli, nimechomwa sindano na kutundikiwa dripu." Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyopima ubora: kwa idadi ya sindano na uzito wa mfuko wa dawa. Lakini wataalamu wameuchunguza ubora wa matibabu kwa miaka mingi, tena hapa hapa Tanzania, na waliyoyaona hayalingani na mazoea yetu. Tuyatazame moja moja.

1. Homa si malaria tu

Katika vijiji vyetu vya Kiegei, Nachingwea na Ruangwa, homa ikipanda husemwa mara moja, "Ni malaria." Ni kweli malaria ipo nyingi kwetu, hasa wakati wa masika. Hata hivyo, mwaka 2004 ulitolewa utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wachunguzi walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa katika hali mbaya na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa vizuri kwa darubini, wenye vimelea vya malaria walikuwa 46 tu katika kila 100. Zaidi ya nusu walitibiwa ugonjwa ambao haukuonekana katika damu yao.

Linalotuhuzunisha zaidi ni mwisho wa wagonjwa hao. Kati ya wale waliokuwa na malaria, walifariki 7 katika kila 100. Kati ya wale wasiokuwa na vimelea, walifariki 12 katika kila 100. Kwa nini waliokosa malaria wafe zaidi? Kwa sababu homa kali huweza kuletwa pia na nimonia, na sumu ya vijidudu katika damu, au na ugonjwa wa uti wa mgongo. Magonjwa hayo huhitaji viuavijasumu, na si wote waliopewa. Dawa ya malaria, hata iwe nzuri namna gani, haiponyi nimonia. Ikitolewa bure bila sababu, fedha inapotea, na kibaya zaidi, muda wa kumwokoa mgonjwa unapotea.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Siku hizi zahanati za vijijini zina kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidoleni, na jibu hutoka baada ya dakika chache. Jibu likisema hakuna malaria, tusimlazimishe mganga atoe dawa mseto. Tumwulize, "Basi homa hii inatoka wapi?" Hilo ndilo swali la kumsaidia mgonjwa.

2. Uchunguzi mzuri si lazima uwe wa gharama kubwa

Wako wanaofikiri kwamba ubora ni kitu cha matajiri. Tutazame mfano wa wilaya nne. Kuanzia mwaka 1997, wahudumu wa wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji walifundishwa utaratibu wa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu, ambao wengi wetu wauguzi tunaufahamu kwa jina la IMCI. Katika utaratibu huo, mama akisema mtoto ana homa, mhudumu haishii kwenye homa. Huuliza juu ya kikohozi, kuharisha na sikio. Huhesabu pumzi, hutazama weupe wa viganja, humpima uzito na kuangalia kadi ya chanjo. Mwisho humweleza mama namna ya kutoa dawa na siku ya kurudi. Wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa bado hazijaanza, hivyo wachunguzi waliweza kulinganisha.

Katika miaka miwili iliyoishia 2002, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizofundishwa. Na gharama je? Gharama ya kumhudumia mtoto mmoja haikuwa kubwa zaidi kuliko katika zile wilaya nyingine, bali ilikuwa sawa au chini yake. Mtoto aliyechunguzwa vizuri mara ya kwanza hupata dawa inayomfaa.

Kwa hiyo mama, mhudumu akimfunua mwanao kifua na kutazama saa yake, usione anachelewesha foleni. Anahesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika moja, na mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayevuta mara 40 au zaidi, huku akikohoa, anadhaniwa kuwa na nimonia. Kipimo hicho hakiuzwi, ni dakika moja ya uangalifu.

3. Mganga anajua, lakini je, anafanya?

Wachunguzi wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, walifanya kazi miaka ya 2000 mkoani Arusha. Waliwauliza wagonjwa waliotoka chumba cha mganga: Amekuuliza nini? Amekupima wapi? Amekueleza ugonjwa wako? Kisha mtaalamu mwenzake mganga aliingia chumbani kutazama kazi inavyofanyika. Mara moja kazi ikawa nzuri zaidi, maswali yakaongezeka na vipimo pia. Lakini baada ya wagonjwa kadhaa mganga alimzoea mgeni yule, akarudia hali yake ya kila siku.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, mara nyingi upungufu si wa elimu. Mganga anajua zaidi ya yale anayoyatenda akiwa amechoka, foleni ikiwa ndefu na hakuna anayemwuliza. Pili, jicho la mtu mwingine husaidia. Jicho hilo laweza kuwa la mganga mkuu wa wilaya anapokuja kukagua, la kamati ya zahanati, au la mgonjwa mwenyewe anayeuliza kwa adabu. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Sisi wauguzi hatuchukii kuulizwa. Swali la mgonjwa hutukumbusha wajibu wetu.

Serikali nayo ilianza mwaka 2015 kuvipa vituo nyota kulingana na ubora wa huduma. Katika ukaguzi wa kwanza, vituo vilivyofikia nyota tatu vilikuwa vichache mno. Ukaguzi uliofuata ulionyesha maendeleo, maana kinachopimwa hutunzwa.

4. Gharama iliyofichika: njia

Ada za matibabu zilipoanza kutozwa mwaka 1993, sera ya taifa iliwatoa katika malipo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini utafiti uliofanyika Kasulu, mkoani Kigoma, na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa akina mama wengi walitoa fedha hata pale ambapo uzazi ulitakiwa kuwa bure. Na zaidi ya nusu ya fedha hiyo ilikwenda kwenye usafiri.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa kusini. Mwaka 2007 wachunguzi walipita katika kaya zipatazo 226,000 za mikoa ya Lindi na Mtwara, zikiwemo za wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Walikuta kwamba kati ya akina mama waishio ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilivyoletwa na matatizo ya uzazi yenyewe vilikuwa 111 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Kwa wale waishio zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Karibu mara nne! Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri mume atafute pikipiki ya kukodi usiku, wala asubiri kuku auzwe.

Huko huko Kasulu akina mama waliulizwa ni nini kingewavuta kujifungulia kituoni. Walitaja zaidi ya yote mambo mawili: mhudumu mwenye heshima, na dawa na vifaa kuwepo. Hawakudai jengo la kifahari. Maneno haya ni somo kwetu tuliovaa sare nyeupe: lugha nzuri haina bei, lakini ni sehemu ya matibabu.

5. Familia ifanye nini?

(a) Tusichelewe. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, apelekwe mara moja, usiku au mchana.

(b) Tuombe kipimo kabla ya dawa ya malaria. Na tukipewa jibu, tulikubali.

(c) Kabla ya kutoka kwa mganga tuulize maswali manne: Ninaumwa nini? Dawa hii ni ya nini, na niimeze vipi? Je, kuna kipimo au dawa isiyo ya lazima? Nirudi lini, au nikiona dalili gani?

(d) Tusidai sindano wala dripu. Anayeweza kumeza na asiyetapika, mara nyingi vidonge vinamtosha. Sindano isiyo ya lazima ni gharama na ni hatari.

(e) Tumalize dozi, wala tusigawane dawa na jirani.

(f) Tuweke akiba ya njia. Korosho na ufuta zikiuzwa, fedha ipo. Masika yakifika, mifuko ni mitupu na barabara ni mbovu. Mama akiwa mjamzito, baba atenge nauli mapema na apatane na mwenye chombo. Ndio wakati pia wa kuulizia bima ya afya, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

(g) Tuitumie kamati ya zahanati. Dawa zikikosekana au lugha ikiwa mbaya, tuseme pale, kwa ukweli na bila matusi. Na huduma ikiwa nzuri, tuseme pia.

Wapendwa, Panadol pekee yaweza kuwa matibabu bora kabisa, ikiwa imetolewa baada ya kuulizwa, kupimwa na kuelezwa. Na mfuko uliojaa dawa waweza kuwa matibabu mabaya. Tujifunze kutazama kazi iliyofanyika kabla ya kuhesabu vidonge.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji chetu, mtu husema ametibiwa vizuri akiwa amepata nini? Je, tunakubaliana naye?
2. Mara ya mwisho mtoto wetu alipougua homa, alipimwa kabla ya kupewa dawa?
3. Mama akishikwa na uchungu usiku wa leo, tutamfikishaje hospitali? Nani ana chombo, na nauli iko wapi?
4. Wajumbe wa kamati ya zahanati yetu ni akina nani, na tuliwaona lini?