"Asome Kompyuta": Vidokezo kwa Anayechagua Kazi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, utasikia sebule nyingi zikitoa hukumu ileile: "Huyu asome kompyuta." Sawa, lakini kompyuta ipi? Kabla hujajaza fomu, pitia haya.

1. Jipime kwa makosa. Kuandika programu ni kazi ya kusaka kosa: kitu kilichofanya kazi jana leo kimegoma, na hakuna aliyekigusa (ndivyo watakavyokuambia). Kama unaweza kushinda na kosa moja tangu asubuhi na bado ukala chakula cha mchana kwa furaha, nenda kasome uhandisi wa programu. Kama wazo hilo tu linakuumiza kichwa, kazi zingine zipo tele.

2. Hupendi kukaa? Fuata nyaya. Mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilianza kuachana na setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole. Lakini nyaya zinazousambaza mtandao huo nchi kavu hazijitengenezi. Kuna wanaoziunga zinapokatwa na wachimba barabara, wanaopanda minara, wanaolinda seva usiku. Wengi wao walianza na cheti au stashahada, si shahada.

3. Usiidharau masjala. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea kwa kuona aibu. Sayansi ya habari, yaani ukutubi, utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, inafundishwa Bagamoyo kwenye chuo cha ukutubi, Tabora kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, na Eldoret katika Chuo Kikuu cha Moi. Hospitali, mahakama na ofisi za ardhi zote zinahamisha mafaili kwenda kwenye mifumo, na mtu wa programu peke yake hawezi kuamua faili liitwe nini, nani aruhusiwe kulisoma, likae miaka mingapi na lini lichomwe. Ukiingiza fujo ya kabatini kwenye kompyuta, unapata fujo inayotumia umeme.

Na sheria imeongeza soko. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa Tanzania, taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo na kuwa na afisa wa kuzilinda. Kazi hiyo inamfaa mwanasheria anayeelewa mifumo, au mtu wa mifumo asiyeogopa kusoma vifungu. Kwa maoni yangu, hili ndilo shamba lenye wakulima wachache kuliko yote.

4. Changanya na fani nyingine. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko. Huko kulihitajika mtu wa ramani, mtu wa data na mtu anayejua mfereji gani hufurika kwanza. Wizara za afya nazo zinakusanya takwimu za vituo kwa mfumo wa DHIS2, na muuguzi anayeumudu ni lulu. Unapenda kilimo, uhasibu au afya? Baki na fani hiyo, ongeza kompyuta juu yake.

5. Usalama wa mtandao si filamu. Huwezi kulinda nyumba usiyoijua milango yake. Pitia kwanza namba 2, ujue mtandao unavyojengwa.

6. Akili mnemba inahitaji Kiswahili chako. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea, na kuna mashirika yanayolipa kwa kazi za aina hiyo. Msomi wa isimu anayejua programu kidogo asijione mgeni hapa. Ila soma mkataba mpaka mstari wa mwisho: Nairobi, baadhi ya vijana waliokuwa wakichuja maudhui ya kutisha ya mitandaoni wamefika mahakamani wakidai haki zao.

7. Wakimbie wanaokuahidi dola ndani ya miezi mitatu. Kozi fupi zina faida yake, lakini mwajiri atataka kuona ulichokitengeneza. Mfumo mdogo wa mikopo ya kikoba cha mama yako, unaotumika kweli, unazungumza kuliko vyeti kumi.

8. Kagua chuo. Tanzania, shahada zinasimamiwa na TCU, na stashahada na vyeti viko chini ya NACTVET; hakikisha kozi yako inatambuliwa. Kisha nenda mwenyewe, omba kuingia maabara, na uhesabu kompyuta zinazowaka kabla hujalipa ada.