Vyeti vya Watengeneza Programu za Kompyuta: Vinasaidia Lini?

Katika somo hili tutaangalia swali linalowasumbua vijana wengi waliomaliza shule, pamoja na wazazi wao: je, kuna faida kulipia mtihani wa cheti cha kimataifa cha kompyuta? Swali hili si dogo. Mtihani wa Java wa kampuni ya Oracle hugharimu zaidi ya dola 200 za Marekani, na ule wa CCNA wa kampuni ya Cisco dola 300. Kwa familia ya Katesh, Dongobesh au Haydom, hiyo ni fedha ya kuuza ng'ombe. Ng'ombe akishauzwa harudi zizini, hivyo ni vizuri tuelewe kwanza tunanunua nini.

Cheti kinasema nini?

Tuchukue mfano wa fundi seremala aliyejifunza kazi kwa mjomba wake. Kijijini hahitaji karatasi, kwa sababu milango na madirisha yake watu wanayaona. Lakini akienda Arusha au Dodoma, ambako hakuna anayemjua, ataulizwa cheti. Ndiyo maana VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Haianzi kumfundisha kushika randa. Inathibitisha anachojua, na kumwonyesha alichopungukiwa.

Cheti cha mtengeneza programu kinafanya kazi hiyo hiyo. Hakimpi mtu ujuzi, bali kinamshuhudia mbele ya mtu asiyemjua. Kama ujuzi haupo, ushahidi huo utaanguka siku ya kwanza kazini.

Aina tatu za vyeti

1. Vyeti vya chuo. Hivi ni astashahada, stashahada na shahada kutoka vyuo vinavyotambuliwa na NACTVET (zamani NACTE) au TCU. Serikali inapotangaza nafasi za maafisa TEHAMA kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida hudai elimu ya aina hii. Cheti cha kampuni kinaweza kuongeza nguvu, lakini hakichukui nafasi yake.

2. Vyeti vya makampuni, kama Oracle, Microsoft na Cisco. Hivi huthibitisha kwamba unajua chombo fulani. Angalia usichanganye: CCNA ni cheti cha mitandao ya kompyuta, si cha kuandika programu. Kijana anayetaka kuandika programu akakilipia, amenunua jembe wakati anahitaji shoka.

3. Vyeti vya masomo ya intaneti. Vingine ni vya bure kabisa, kama vya freeCodeCamp, ambayo imefundisha tangu mwaka 2014. Waajiri wengi hawavipi uzito mkubwa, lakini mazoezi yake yanafundisha kweli.

Kumbuka pia kwamba mtengeneza programu si kama mhasibu. Mhasibu ana mtihani wa CPA chini ya NBAA, na bila huo kuna kazi asizoruhusiwa kufanya. Kwa programu hakuna mtihani mmoja wa namna hiyo unaofungua milango yote. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, husajili wataalamu, lakini usajili si sawa na kupimwa kama unajua kuandika programu.

Vyeti huchakaa

Cheti cha kidato cha nne ni cha maisha. Vyeti vingi vya makampuni sivyo. CCNA hudumu miaka mitatu. Vyeti vingi vya Microsoft vya ngazi ya kazi hudumu mwaka mmoja, ingawa kuvihuisha kwenye intaneti ni bure. Tena kampuni inaweza kuufuta mpango mzima: Microsoft ilisitisha mitihani yake ya MCSD, iliyokuwa maarufu kwa watengeneza programu, mapema mwaka 2021. Waliokuwa katikati ya masomo ilibidi wabadili njia.

Kabla ya kulipa, jiulize

- Je, nimeshatengeneza programu ambayo mtu mwingine anaitumia? Kama bado, anza hapo. Daftari la mauzo la duka au orodha ya michango ya kikundi inatosha.
- Je, kuna tangazo la kazi ninayoitaka linalotaja cheti hiki kwa jina? Tafuta matangazo matano. Kama hakuna hata moja, subiri.
- Kitadumu muda gani, na nani atalipia kukihuisha?
- Je, mwajiri anaweza kukilipia? Wengi hufanya hivyo kwa mfanyakazi waliyemwona.

Usinunue kamwe maswali ya mtihani yaliyovujishwa. Kampuni ikigundua hufuta cheti na kumzuia mtu kurudia.

Kwa wanaotafuta mtaalamu

Wapo pia wasomaji walio viongozi wa SACCOS, shule na zahanati. Ninyi mnakabidhi akiba na siri za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 uzembe katika jambo hili una adhabu. Msitosheke na cheti kilichowekwa kwenye fremu. Mwombeni fundi awaonyeshe programu yake inayotumika mahali pengine, na mwulizeni wanaoitumia. Mwambieni abadilishe jambo dogo mbele yenu. Mwulizeni: kompyuta ikiibwa leo usiku, kumbukumbu za wanachama zitapatikana wapi kesho asubuhi? Mwenye ujuzi atajibu bila kuzungukazunguka, awe na cheti au asiwe nacho.

Kwa hiyo, kijana, anza na kazi, kisha tafuta cheti kitakachoipeleka kazi hiyo mbali. Na wewe mzazi, kabla ya kumpeleka ng'ombe mnadani, mwombe mwanao akuonyeshe kitu alichokwisha kutengeneza. Kama kipo na kinafanya kazi, hapo kuuza kuna maana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni fundi gani tunayemwamini bila cheti? Tulimjuaje?
2. Ni kazi gani ya kikundi chetu ambayo kijana anayejifunza angeweza kuitengenezea programu kama jaribio?
3. Kumbukumbu za kikundi chetu zikipotea leo, tutafanya nini?