Mkesha wa Taita na Lantana: Maswali na Majibu

Swali: Lantana huchanua na kuzaa karibu mwaka mzima. Kwa nini isimfae mkesha wa Taita badala ya msitu?

Jibu: Dhana hii imeenea mno, nayo inadhuru. Mkesha wa Taita, ndege mwimbaji mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na ubavu wa rangi ya kutu, hula chini, akipindua majani makavu yaliyooza ili atoe wadudu na minyoo, ingawa hula pia matunda ya mwituni. Tabaka hilo la majani hubaki na unyevu pale tu miti mirefu inapolitia kivuli. Lantana, kichaka chenye asili ya Amerika ya kitropiki kilichosambazwa duniani kwa ajili ya ua na mapambo, hupenda jua, hivyo hustawi hasa mahali msitu ulipofyekwa. Ndege wanaomiminika kwenye matunda yake meusi ni wa mashambani, kama shore, ambao humeza matunda na kueneza mbegu. Wingi wao hauthibitishi lolote kuhusu mkesha.

Swali: Barua kadhaa zinauliza kama kung'oa lantana yote kutamwokoa ndege huyu.

Jibu: Kung'oa pekee hakutoshi, kwa kuwa visiki huchipua tena na udongo ulioachwa wazi huvamiwa upya; lazima miti ya asili ipandwe papo hapo na itunzwe mpaka kivuli chake kifunge.

Swali: Je, majani ya lantana yaliyochemshwa ni dawa ya kila homa?

Jibu: Hapana, majani hayo yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe na mbuzi, na anayeyauza kama dawa ya kila homa anahatarisha watu.

Swali: Misitu mitatu ya Vilima vya Taita, Kenya, imebaki na mikesha. Je, haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Mbololo, Ngangao na Chawia ni vipande vilivyotenganishwa na mashamba ambayo mkesha huyavuka kwa nadra. Makadirio ya miaka ya 1990 yalihesabu takriban ndege 1,400, wengi wao Mbololo, huku Chawia ikibaki na makumi machache. Watafiti walipolinganisha mguu wa kushoto na wa kulia wa kila ndege, waliona kwamba miguu ya mikesha wa Chawia, msitu mdogo ulioharibiwa zaidi, ilitofautiana kwa urefu zaidi kuliko ya wenzao wa Mbololo, dalili ya ndege waliokua katika dhiki.