Maswali na Majibu: Plagini za Kompaila na Gunia Lililobaki Ghalani

Haya ni ya kundi la marudio la Ufukoni, Mtwara. Swali la 3 lisomeni mara mbili. Ndilo linalowaangusha wengi.

1. Plagini ya kompaila ni nini? GCC ilianza kuipokea lini?

Ni faili ya .so ambayo kompaila huipakia wakati inafanya kazi, kwa chaguo la -fplugin, ili kuongeza ukaguzi au mageuzi ya msimbo bila kuijenga kompaila upya. GCC, kompaila aliyoianzisha Richard Stallman, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987, lakini mlango wa plagini ulifunguliwa katika toleo la 4.5, Aprili 2010. Plagini lazima iwe na funksheni plugin_init na simboli plugin_is_GPL_compatible. Simboli hiyo ikikosekana, GCC inasimama papo hapo.

2. libiberty ni nini?

Ni maktaba tegemezi ya GCC: ina xmalloc (kumbukumbu ikiisha, hutoa ujumbe na kuifunga programu), concat ya kuunga maneno, majedwali ya heshi, na kadhalika. Jina lake ni utani wa mafundi. Ukiandika -liberty, kiunganishi hutanguliza "lib" na kwenda kutafuta libiberty.

3. Plagini imejengwa bila kosa. Ikipakiwa, inakataa: simboli ya libiberty haijulikani. Eleza sababu.

Wengi hujibu "-rdynamic imesahauliwa". Mara nyingi sivyo.

Chukueni ghala la korosho. Lori halibebi ghala. Linabeba magunia yaliyoandikwa kwenye orodha. Wala huwezi kuchomoa punje moja: ukitaka punje, unachukua gunia zima. libiberty ni maktaba tuli, yaani ghala la faili za .o, na kila faili ni gunia. Wakati cc1 (programu inayotafsiri C ndani ya GCC) inaunganishwa, kiunganishi huchukua faili zile tu ambazo cc1 inazihitaji. Zilizobaki hazimo kabisa ndani ya cc1.

Kazi ya -rdynamic ni kuzitangaza kwa wageni simboli zilizomo ndani ya programu. Haiwezi kutangaza mzigo ambao haukupakiwa. Kwa hiyo plagini inayoomba funksheni ambayo GCC yenyewe haiitumii inakuta nafasi tupu. Tena GCC hufungua plagini kwa RTLD_NOW, kila simboli itafutwe mara moja. Hata funksheni ambayo ingeitwa mara moja kwa mwaka inatosha kuizuia plagini nzima.

4. Kwa nini plagini isije na libiberty yake?

Inawezekana, ila kwa taabu. Maktaba hiyo kwa kawaida hujengwa bila -fPIC (chaguo la kutoa msimbo unaoweza kukaa popote kwenye kumbukumbu), na kwenye mashine za x86-64 kiunganishi huweza kuikataa ndani ya .so. Ukiijenga upya kwa -fPIC na kuificha ndani ya plagini, unapata nakala mbili katika programu moja, kila moja na hali yake ya ndani. Kilichowekwa upande mmoja hakionekani upande wa pili.

5. Taja suluhisho upande wa kompaila.

Kuunganisha cc1 kwa --whole-archive, ghala lote lipakiwe. Gharama ni cc1 kunenepa kidogo, na mimi naona ni bei ndogo kuliko kumwachia kila mwandishi wa plagini abahatishe. Mtego wa mtihani: lazima ufunge kwa --no-whole-archive, kwa sababu gcc huongeza maktaba zake mwishoni, nazo zitamezwa nzima nzima. Njia nyingine ni kuandika ndani ya GCC jedwali linalozitaja funksheni hizo, ili kiunganishi kilazimike kuzichukua. Inafanya kazi, lakini nani atakumbuka kulitunza?

6. Kweli au si kweli: plagini ya toleo moja la GCC itafanya kazi kwenye toleo lolote.

Si kweli. Ndiyo maana ipo plugin_default_version_check, funksheni inayolinganisha toleo la plagini na la GCC.

7. Utajuaje mapema kama funksheni ipo?

Endesha nm -D (amri ya kuorodhesha simboli zilizotangazwa) juu ya cc1, utafute jina. Likionekana lenye T, limepakiwa na limetangazwa. Lisipoonekana, rudi swali la 5, au iandike funksheni hiyo mwenyewe. Concat kwa mfano haizidi mistari ishirini.