Kila Mlima na Baridi Yake
Somo kwa wakazi wa Kisii na Nyamira

Mtu wa Pwani asikiapo neno kipupwe, huifikiri miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati kusi ivumapo na usiku ukapoa hata akatafuta shuka ya kujifunika. Mtu wa Nyeri au Nyandarua, katika miezi iyo hiyo, aweza kukaa siku nyingi bila ya kuliona jua, na koti halimtoki mwilini. Mtu wa Kisii au Nyamira hana majira ya baridi yaliyo wazi kama hayo. Yeye aweza kuamka katika ukungu, akalima saa nne katika jua kali, akapigwa na mvua ya mawe saa tisa alasiri, na jioni akaota moto. Yote hayo kwa siku moja. Baridi humjia kama mgeni asiyebisha hodi. Kwa hiyo yampasa kuzijua habari zake mapema.

SABABU YA BARIDI

Kisii iko karibu sana na ikweta, na kwa sababu hiyo joto la mwezi mmoja halitofautiani sana na la mwezi mwingine. Jambo linaloleta tofauti ni urefu wa nchi. Mtu apandapo mita 1000, hewa hupoa kwa kiasi cha digrii 6. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1130 juu ya bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1700. Na sehemu za juu za Nyamira, kama vile vilima vya Kiabonyoru, hufika mita 2000 na zaidi. Basi mtu aondokaye ufukoni mwa ziwa asubuhi kwenda Kiabonyoru hupoteza digrii 5 au 6 za joto njiani, ijapokuwa hakwenda mbali. Blanketi lililomtosha Homa Bay halitamtosha huko.

Ziwa hilo hilo ndilo linaloleta dhoruba. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, na hewa yenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea vilimani. Huko hukutana na upepo utokao mashariki, hewa ikapanda juu, na mawingu yakajijenga kama minara. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Gusii huja baada ya adhuhuri. Ndani ya wingu refu matone ya maji huchukuliwa juu mpaka penye baridi ya kugandisha, yakawa barafu, yakaongezeka unene, kisha yakaanguka. Hiyo ndiyo mvua ya mawe, na nchi ya Kericho iliyo jirani inajulikana duniani kwa wingi wa mvua za namna hiyo.

Mwezi wa Septemba, 2008, mteremko mmoja karibu na Nyahururu uligeuka mweupe kabisa, na watu wakaenda kuutazama wakidhani kwamba theluji ya Ulaya imeshuka Kenya. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walieleza kwamba haikuwa theluji, bali ni mvua ya mawe yaliyoanguka kwa wingi yakashikamana. Jambo hilo lina mafunzo: ajabu ya hali ya hewa huwa na sababu, na aijuaye sababu aweza kujikinga.

MVUA YA MAWE SHAMBANI

Mvua ya mawe huchana majani ya migomba, hukata machipukizi ya chai na kulaza mahindi. Hakuna mkulima awezaye kuizuia. Lakini aweza kupunguza hasara. Kwanza, asitegemee zao moja. Viazi vitamu, ambavyo chakula chake ki chini ya ardhi, huweza kumlisha mtu hata majani yake yakipigwa. Pili, kitalu cha miche kijengewe kipaa imara, kisicholemewa na uzito wa mawe. Tatu, chai iliyopigwa isikatwe yote kwa hasira. Matawi yaliyovunjika yakatwe vizuri, na yaliyo mazima yaachwe yachipue tena. Mti uliopoteza majani si mti uliokufa.

Pamoja na mawe huja radi, na nyanda hizi hupigwa sana na radi. Mtu asijikinge chini ya mti ulio peke yake, wala asibaki kileleni. Kwa kuwa dhoruba huja alasiri, safari ya mbali na kazi ya vilimani zifanywe asubuhi. Watoto wa shule waonao wingu jeusi saa ya kutoka ni heri wangoje ndani ya darasa kuliko kukimbizana na mvua njiani.

SAKITU NI JAMBO JINGINE

Watu wengine huchanganya mvua ya mawe na sakitu, lakini hizi ni baridi mbili zilizo kinyume. Mvua ya mawe huja na wingu na upepo. Sakitu huja usiku wa nyota nyingi, usio na wingu wala upepo, hasa katika ukavu wa Januari na Februari. Joto la ardhi hupaa juu bila ya kizuizi. Na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka kama maji mpaka mabondeni ikatuama huko. Asubuhi majani huonekana meupe, na baada ya siku chache huwa kama yaliyounguzwa kwa moto. Januari, 2012, mashamba mengi ya chai ya Kericho na Nandi yaliharibiwa hivyo. Wakulima wa upande wa Borabu, unaopakana na Sotik, wasiseme kwamba jambo hilo ni la wengine.

Kinga yake si kipaa imara. Miche isioteshwe bondeni. Ioteshwe kwenye mteremko. Jioni ifunikwe kwa nyasi, na asubuhi ifunuliwe. Tena ua mzito usipandwe kukingama upande wa chini wa shamba, maana huizuia hewa ya baridi isipite, kama boma lizuiavyo maji.

MTOTO NA BARIDI

Nguo zilizolowa humpoza mtoto kuliko hewa yenyewe. Arudipo amenyeshewa, avuliwe kwanza, akaushwe, ndipo apewe uji wa moto. Akiwa anakohoa, mama amhesabie pumzi akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, yamkini ana kichomi, na yapasa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika mtoto ambaye kifua chake hubonyea ndani kila avutapo pumzi.

Wala si kila kutetemeka ni baridi ya hewa. Malaria ilienea kwa nguvu katika nyanda hizi mwaka wa 2002, na wengi walishikwa kwa kuwa watu wa milimani hawana mazoea ya ugonjwa huo. Mtoto atetemekaye huku mwili una moto hahitaji blanketi la pili. Ahitaji kupimwa damu.

MOTO NYUMBANI

Hatari nyingine kubwa haitoki mawinguni. Imo nyumbani, nayo ni jiko la makaa. Zamani nyumba ya Gusii ilikuwa ya miti na udongo, yenye paa la nyasi, na moto ulikaa humo usiku. Moshi uliumiza macho na vifua, lakini ulipata njia katika nyasi za paa, na hewa nyingine ikaingia. Leo nyumba nyingi ni za mabati, saruji na madirisha ya kioo. Mwenye nyumba huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, huziba nafasi ya chini ya mlango kwa nguo, kisha hulala. Desturi ni ile ile ya babu. Nyumba siyo ile.

Makaa yawakayo pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, wala haimkohoshi mtu kama moshi. Huingia katika damu na kutwaa mahali pa oksijeni. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke. Watu hudhani makaa yaliyokolea na kuacha kutoa moshi ni salama, kumbe sumu yaendelea kutoka. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika chumba chenye jiko, azibaye ufa huchimba kaburi.

Basi jiko litumike mlango na dirisha vikiwa wazi, na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa kwa majivu. Usiku watu wajipashe moto kwa blanketi kavu, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kwa kitambaa. Akikutwa mtu amezimia karibu na jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje upesi penye hewa safi, na apelekwe hospitali pamoja na wote waliokuwamo, hata wasemao kwamba hawajambo.

Baridi ya Pwani yatosha shuka. Ya Nyandarua yataka koti. Ya Gusii yataka mtu mwenye kuangalia wingu mchana na jiko usiku.

MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini dhoruba nyingi za Gusii huja alasiri?
2. Eleza tofauti ya mvua ya mawe na sakitu, na kinga ya kila moja.
3. Mtoto wa miaka 2 anakohoa na kupumua mara 45 kwa dakika. Mama afanye nini?
4. Kwa nini moto uliolala katika nyumba ya babu waweza kuua katika nyumba ya mjukuu?