Dawa Iliyoondoa Uvundo

Mtu akifukiza udi katika chumba chenye uvundo, wenyeji hufurahi kwa kitambo. Lakini moshi ukiisha, uvundo hurudi. Udi hauondoi uvundo, bali huufunika tu. Mtu mmoja aliyeonyesha njia nyingine ni Antoine Labarraque, mwuza dawa wa mji wa Paris katika nchi ya Ufaransa.

Katika mji ule palikuwa na nyumba za kutengenezea matumbo ya wanyama, yapate kufanywa nyuzi za vinanda. Wafanya kazi waliyaloweka majini mpaka yakaanza kuoza, ndipo utando wake ukabanduka. Uvundo ulikuwa mkali mno, hata majirani wakataabika. Mwaka 1820 chama cha kuendeleza viwanda kiliahidi zawadi kwa atakayevumbua njia ya kuifanya kazi ile pasipo kuozesha matumbo. Labarraque akajaribu maji yaliyotiwa dawa yenye klorini, ambayo watu walikwisha kuitumia kufanya nguo ziwe nyeupe. Utando ukabanduka, na uvundo ukakoma. Zawadi akaipata yeye.

Mwezi wa Septemba mwaka 1824 mfalme Louis wa 18 alikufa. Mwili wake ulikuwa umeanza kuoza hata kabla ya kufa, na watu wakashindwa kuukaribia. Labarraque akaitwa. Shuka ikachovywa katika maji ya dawa ile, ikatandazwa juu ya maiti. Harufu ikatulia, nao wakaweza kumtengeneza mfalme wao kwa heshima.

Je, dawa hii hufanyaje kazi? Kitu kikioza hutoa hewa zenye uvundo. Mojawapo ni ile inayonuka kama yai viza. Hewa hiyo ikikutana na dawa hupewa oksijeni, ikageuka kuwa vitu vingine visivyonuka hivyo. Badiliko hili ni ndugu ya moto unaoteketeza kuni, na ya kutu inayokula chuma. Uvundo haukufichwa, umevunjwa.

Walakini dawa yenye nguvu yataka akili. Mvuke wake huumiza macho na mapafu; kwa hiyo madirisha yafunguliwe. Tena isichanganywe kamwe na siki, wala mkojo, wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoka hewa ya sumu iwezayo kuua.

Tena ikiwa panya aliyekufa yumo chini ya kitanda, kunyunyiza dawa chumbani ni kazi bure. Kwanza aondolewe, mahali pake paoshwe, upepo uingie. Ndipo dawa itumiwe. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Na afichaye uchafu, uvundo humfichua vivyo hivyo.

MASWALI
1. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya udi na kazi ya dawa ya Labarraque?
2. Kwa nini dawa hii isichanganywe na siki?
3. Chumba kikinuka, ni jambo gani lifanywe kwanza?